Hakuniambia Karibu Tena

Dukani kwetu kulikuwa na taratibu tatu za kuuza sanda, na hakuna aliyewahi kuziandika mahali. Ya kwanza, bei haijadiliwi: mteja anatajiwa, analipa, basi. Ya pili, kitambaa hakikatwi kwa mkasi. Unatia mkasi kidogo ukingoni, unauweka pembeni, halafu unachana kwa mikono miwili mpaka mwisho. Ya tatu, ukishamkabidhi mteja mzigo wake humwambii karibu tena. Nani anataka kukaribishwa arudi kununua nguo ya kuzikia?

Kitambaa chenyewe kilikuwa bafta, pamba nyeupe ya kawaida, na jora lilikuwa moja. Jora hilo hilo lilitoa mashati ya shule, vitambaa vya meza ya kanisani na mashuka ya wodini. Sanda na shuka vilitofautiana kwa namna vilivyouzwa tu. Kwa hiyo muuzaji mzuri alitakiwa kujua kabla ya kuuliza, maana kumuuliza mfiwa "Unataka cha nini?" ni ukatili. Unamtazama mtu usoni, unatazama viatu vyake, unapunguza sauti. Mimi nilikuwa hodari wa hilo. Nimeuza vitambaa mjini Dodoma, mtaa wa pili kutoka sokoni, kwa miaka thelathini na moja, mpaka mwenye duka alipozeeka akafunga, na muda wote huo nilijisifu kwamba sijawahi kukosea. Nilijidanganya. Nilikosea mara moja, na nitafika huko.

Sasa nina miaka sitini na tisa. Naishi Mkonze, kwenye nyumba niliyoijenga na marehemu mume wangu, chumba kimoja kila baada ya mavuno. Watoto wako kwao na maisha yao. Magoti yananisumbua wakati wa baridi, lakini ulimi haujawahi kunisumbua hata siku moja, na majirani watakuthibitishia.

Mji umekua. Serikali ilipohamia, maduka nayo yakahamia, maduka ya vioo yenye spika mlangoni na mabinti waliovaa fulana za rangi moja, wanagawa karatasi za ofa. Ilinichukua muda kugundua kwamba karatasi hizo hazinifikii, na nilipogundua, niligundua kwa salamu. Binti anamwambia dada aliye mbele yangu, "Mambo dada, kuna ofa leo, karibu ndani." Nikifika mimi, mikono inakwenda nyuma pamoja na karatasi zake, goti linapinda kidogo. "Shikamoo bibi." Nami kwa malezi yangu naitika marahaba. Nikimaliza kuitika nimeshampita, na mgongoni nasikia, "Mambo kaka." Ilikuwa heshima kamili, huna pa kuilalamikia. Lakini siku nilipoielewa, mwili ulinisisimka, kwa sababu hivyo ndivyo watu wanavyopisha jeneza barabarani. Wanasimama, wanainamisha kichwa, likishapita wanaendelea na mazungumzo yao.

Siku moja nilisimama makusudi nikanyoosha mkono, nipewe karatasi kama wenzangu. Binti akautazama mkono wangu, akatazama huku na huku, akaingiza vidole mfukoni na kuniwekea sarafu kiganjani. Nilikasirika, nikaondoka nayo. Sarafu ile ninayo mpaka leo, kwenye kopo la vifungo.

Simu nayo ilikuwa hivyo hivyo. Za majirani zinalia mchana kutwa kwa matangazo, mara vifurushi, mara viwanja, mara bahati nasibu, nao wanalalamika. Yangu ilinyamaza. Mwaka mzima nilipata tangazo moja tu, la watu nisiowajua, kuhusu mpango wa kulipia mazishi kidogo kidogo. Lilianza hivi: Mpendwa mzazi, je, umejiandaa? Nililisoma nikiwa jikoni, saa nne asubuhi, jua linawaka, na nikajikuta nageuka kuangalia mlango. Hapakuwa na mtu, nikarudi kwenye sufuria yangu.

Nilichokitaka mimi ni mashuka meupe. Nimeshika bafta miaka thelathini na moja na sikuwahi kulala juu yake hata usiku mmoja. Vumbi la Dodoma ni jekundu, watoto walikuwa wanne, na mume wangu alisema nyeupe ni ya wenye maji ya bomba. Tukalala kwenye maua na mistari ya kahawia maisha yetu yote. Halafu kwenye njia panda ya kuingia mjini wakasimamisha bango kubwa: kitanda, mashuka meupe, kijana na mkewe wanacheka, na hata sikuelewa wanacheka nini. Nililiona kila nilipokwenda mjini. Sikuutamani ujana wao. Wangu nimeshautumia wote, sidai chenji. Nilitamani shuka. Nilitaka niamke asubuhi nimelala kwenye kitu cheupe, kilichonyooka, changu, nilichokinunua kwa ajili ya kulalia tu.

Nikaenda siku ya Ijumaa, kabla ya adhuhuri. Duka lilikuwa jipya, taa zinawaka mchana kweupe, muziki unapiga. Nyuma ya kaunta alikuwapo binti wa miaka ishirini na mitatu hivi, amesuka nywele kwa uzi wa dhahabu, akimkatia kijana mmoja kitambaa cha suruali huku wanataniana. Akanigeukia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nataka bafta nyeupe, ile nzito."

Hakuniuliza ya nini. Alinyoosha mkono akapunguza muziki.

Hapo hapo ningesema ni ya mashuka, yangeisha. Lakini nilibaki kumtazama kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake. Macho yake yalianzia kwenye kilemba changu, yakashuka taratibu mpaka kwenye viatu, yakapanda tena. Akavuta jora kutoka rafu ya chini. Akapima bila kuniuliza mita ngapi. Nikamwomba anipunguzie bei, ili tu tuongee kama watu wa sokoni, naye akaniangalia kwa huzuni kana kwamba nimejitia aibu. Akatia mkasi ukingoni, akauweka pembeni.

Halafu akachana.

Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu duka letu lifungwe. Ni ndefu, kavu, na inapofika mwisho wake duka zima huwa limenyamaza. Lilinyamaza. Kijana wa suruali akashusha macho. Binti akakunja kitambaa mara nne, akakifunga kwenye gazeti, wakati wenzangu wote walipewa mifuko ya duka inayong'aa, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Pole, bibi."

Nikasubiri. Akamgeukia kijana. "Asante kaka, karibu tena."

Mimi niliyewahi kugombana na nusu ya soko kwa sababu ya fungu moja la nyanya, nilitoka pale bila neno. Wala haikuwa hasira iliyonifunga mdomo. Alikuwa amefanya vizuri, hakuruka hata hatua moja. Nilijiona nimeuziwa na mikono yangu mwenyewe, na niliogopa.

Nyumbani nikakitandika. Kitanda chetu ni tano kwa sita. Kitambaa kiliacha godoro wazi pande zote mbili, lakini kwa urefu kilizidi kimo changu kwa kadiri ile ile niliyokuwa naizidisha mimi, ya kufungia kichwani na miguuni. Nikavua viatu nikalala juu yake nipime. Ilikuwa saa tisa mchana, upepo unasukuma vumbi dirishani na bati moja linagonga. Nilinyoosha miguu, mikono ikajiweka yenyewe ubavuni. Kilinitosha. Yule binti alinipima kwa macho bila kukosea hata inchi.

Nikiwa nimelala hivyo, jirani yangu akaja uani. Akapiga hodi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilimsikia vizuri kabisa, ninamjua, ninamdai ungo wangu, na sikuweza kuitika. Mdomo haukufunguka. Akazunguka dirishani, nikaona kivuli chake kimesimama kwenye pazia.

"Hayupo huyu," akajisemea, akaondoka.

Nilikurupuka nikakivuta kile kitambaa kitandani kana kwamba kina siafu. Nikakifunga tena kwenye gazeti lake, nikatoka na kandambili mpaka kwa fundi cherehani wa pale barabarani. Nikamwambia anipindie kingo, ni shuka. Fundi akashika ukingo uliochanwa, akaupitisha katikati ya vidole, akakirudisha kitambaa kwenye gazeti.

"Bibi, hii haishonwi."

"Ni shuka, nakwambia."

"Sawa, bibi."

Lakini mguu wake ulikuwa umeshatoka kwenye cherehani, na mama aliyekaa kwenye benchi akisubiri gauni lake alisogea kidogo, asiguswe na gazeti. Nikabeba mzigo wangu nikarudi. Njiani ndipo nilipomkumbuka mwanamke wa Kibakwe, ingawa si kweli kwamba niliwahi kumsahau.

Alikuja dukani kwetu nilipokuwa na miaka arobaini na mitano. Yeye alikuwa na sitini hivi. Machoni pangu alikuwa bibi kizee, na leo nimempita umri. Alisalimu kwa Kigogo, mbukwenyi, nami ninayekijua Kigogo tangu tumboni mwa mama nikamjibu kwa Kiswahili, shikamoo bibi, kwa sababu dukani tulijiona watu wa mjini. Nguo zake zilikuwa na vumbi la safari. Alisema ametoka Kibakwe alfajiri, anataka bafta nyeupe. Uso wake ulikuwa umechoka, na mimi nikausoma uchovu kuwa msiba. Nikapunguza sauti. Nikampima kwa macho. Nikachana, nikamfungia kwenye gazeti, nikampa pole. Mteja mwingine alikuwa anatoka na kitenge chake, nikamwambia karibu tena.

Yule mwanamke hakuondoka.

"Mwanangu," akasema, "mwenzangu umemkaribisha. Mimi je?"

"Bibi, kwa kitambaa hiki hatusemi. Mtu mzima akiuziwa nyeupe haambiwi karibu tena. Akiambiwa atarudi."

Hiyo ya kurudi niliitunga pale pale, ili wenzangu wacheke. Wakacheka.

"Hiki ni cha gauni la ubatizo," akasema. "La kwangu mimi. Nabatizwa Pasaka."

Ningeweza kukichukua kile kipande, nikakirudisha, nikamkatia kingine kwa mkasi na kumsindikiza mpaka mlangoni. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na mtu anayesifiwa kwamba hakosei ana uvivu wake. Nikamwambia hongera. Akaenda mpaka mlangoni, akageuka, akasimama pale na kifurushi kifuani.

"Sema basi."

"Nenda salama, bibi," nikasema.

Akaenda. Kwa miaka mingi baada ya siku ile, kila upepo ulipogonga mlango wa duka nilikuwa nainua macho. Sikumwambia mtu yeyote ninamtazamia nani.

Basi kesho yake, Jumamosi, nikarudi kwenye lile duka jipya na gazeti langu kwapani. Nilikwenda kwa jambo moja tu: nihudumiwe kama mtu anayeishi, na nitakapotoka nikaribishwe. Binti aliponiona nimesimama mlangoni, ubao wa kupimia ukamponyoka ukaanguka sakafuni. Hakunisalimia. Labda ni mara ya kwanza kwa miaka mingi kijana ananitazama bila kuniwekea shikamoo katikati, na macho yake yalikuwa makubwa.

"Nimerudi," nikasema. "Sijafiwa, na sijafa. Nilitaka mashuka. Kitanda ni tano kwa sita."

"Samahani, bibi. Samahani sana."

Akakata kwa mkasi safari hii, haraka haraka, hata ukingo ukaenda upande. Nikamwacha amalize. Kisha nikamuuliza nani alimfundisha kuchana, kwa sababu duka lake halina umri wa kujua mambo hayo, na mabosi wake wanajua kupiga muziki tu.

"Bibi yangu," akasema. "Kibakwe."

Nikashika kaunta. "Alikuwa na duka?"

"Hapana, alikuwa mkulima. Yeye mwenyewe aliuziwa hivyo, huku huku mjini. Alitaka ashonewe gauni la kubatizwa. Fundi wa kule alipoona kimechanwa akakataa kukitia sindano. Wa pili naye akakataa. Pasaka ikapita. Akakiweka sandukuni, na kila mwaka mchungaji akimuuliza anamjibu kwamba yeye nguo yake ameshauziwa." Aliongea akiwa anakunja mashuka yangu, haniangalii. "Sisi wajukuu akatufundisha. Mtu mzima akiuziwa nyeupe haambiwi karibu tena. Akiambiwa atarudi."

Yalikuwa maneno yangu. Niliyatunga kwa pumzi moja ili wenzangu wacheke, na sasa yalitoka kwenye mdomo wa mtoto ambaye siku ile hakuwa amezaliwa, neno kwa neno, bila hata chembe ya mzaha. Spika ya mlangoni ilikuwa inaendelea kutangaza punguzo la mapazia. Wanawake wa Kibakwe ni wengi, na wauza bafta mjini walikuwa wengi. Nilijiambia hivyo, na sikuamini. Jina la bibi yake sikuliuliza.

"Yule muuzaji alikosea," nikasema. "Ile haikuwa sanda."

Binti akainua uso.

"Tulimzika nayo, bibi. Kama haikuwa sanda, ilikuwa nini?"

Aliuliza bila ubaya, kama mtu anayetaka kujua. Nilitaka kumwambia kwamba ni mimi. Badala yake nikaanza kuhesabu hela za mashuka. Niliona aibu nzito, ya kunifanya nitamani kuwa kweli yule bibi ambaye hakuna anayemwona. Nyuma yangu mtu alikohoa, foleni ilikuwa inarefuka. Binti akanitilia mashuka kwenye mfuko wa duka, ule unaong'aa, akanikabidhi. Nikalipa, nikaenda mpaka mlangoni, nikageuka na mfuko wangu kifuani.

"Sema basi," nikasema, na nilijisikia nikisema.

Akafungua mdomo. Alijaribu, kwa haki ya Mungu nilimwona akijaribu, midomo ilishaanza kulishika lile neno. Halafu macho yake yakapita begani kwangu, yakatazama nje barabarani nilikotoka, kana kwamba kuna mwingine anayekuja, na akayarudisha haraka.

"Nenda salama, bibi."

Mashuka yapo kitandani. Niliyapinda mwenyewe kwa sindano ya mkono, na vumbi limeshayapata, kama marehemu mume wangu alivyosema. Nayalalia vizuri kuliko ninavyostahili. Kile kipande cha kwanza, kilichochanwa, nimekiweka sandukuni. Siku yake ikifika kitatumika, na tayari ninajua kwamba kinanitosha.

Lakini neno langu bado nalitaka, na la yule wa Kibakwe pia. Kila Ijumaa naingia lile duka, napanga foleni na vijana, nanunua uzi, au sindano, au zipu nisiyo na kazi nayo. Wale mabinti wa karatasi mlangoni bado wananipa shikamoo na kuficha mikono. Huyu wa ndani akiniona anapunguza muziki. Ananihudumia vizuri, ananitazama usoni kuliko anavyomtazama mteja mwingine yeyote, kisha ananiambia niende salama. Mimi nami bado sijamwambia ni nani aliyemwuzia bibi yake. Kila nikijiandaa, foleni inakuwa ndefu.

Nimesharudi mara nne bila kukaribishwa. Ijumaa hii nakwenda kununua kifungo kimoja, kwa ile sarafu ya binti wa karatasi.